Bustani ya Watoto na Amri ya Mwaka wa 1851

Tarehe 7 Agosti mwaka wa 1851 Karl von Raumer, waziri wa elimu wa Prussia, alitoa amri ya kupiga marufuku bustani za watoto katika nchi ile. Shitaka lilikuwa zito: ya kwamba mafunzo yale yalikuwa sehemu ya siasa ya ujamaa, nayo yalikusudiwa kuwazoeza vijana kumkana Mungu. Watuhumiwa walikuwa watoto wadogo waliocheza mipira ya sufu, wakaimba katika duara na kumwagilia maua. Mwanzilishi wa bustani hizo, Friedrich Froebel, alikuwa mzee wa miaka 69, mwana wa kasisi, ambaye kalamu yake haikwenda mbali bila ya kumtaja Mungu.

Froebel alizaliwa mwaka wa 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, Thuringia. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba alishughulika na kanisa, na mama wa kambo, alipopata mwana wake mwenyewe, alimpa kisogo yatima yule. Ukubwani alikaa na Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi, toka mwaka wa 1808 hata 1810, akaona mtoto akilelewa kichwa, moyo na mkono. Kisha alifanya kazi Berlin katika jumba la kuhifadhi mawe ya madini, akastaajabia jinsi fuwele zinavyokua kwa kanuni yao. Mtoto naye, alisadiki, hukua kutoka ndani, wala hakui kichwa leo na moyo kesho.

Mwaka wa 1837 alifungua chuo chake Blankenburg, na mwaka wa 1840 akakipa jina la bustani ya watoto. (Jina hilo lina adabu kuliko letu la mzaha, shule ya vidudu.) Humo mtoto alipewa kwanza mipira sita laini ya rangi mbalimbali, kisha tufe na mchemraba wa mti, kisha mchemraba uliogawanyika vipande vinane, aubomoe na kuujenga tena. Mkono ulijenga, jicho lilipima, ulimi ulitaja, na hesabu iliingia bila ya kubisha hodi. Nje kila mtoto alikuwa na kijituta chake, na kando yake shamba la wote. Hivyo alijifunza kwamba mche hauharakishwi, na kwamba jirani naye ana mche wake. Mchezo haukuwa mapumziko baada ya masomo. Mchezo ndio uliokuwa masomo.

Basi amri ilitoka wapi? Karl Froebel, mwana wa nduguye, alikuwa ameandika kijitabu juu ya elimu ya wasichana na bustani za watoto, chenye maoni ya kisiasa yaliyoichukiza serikali iliyokwisha kutishwa na maasi ya mwaka wa 1848. Majina yalichanganywa. Mzee alijieleza, akamwandikia hata mfalme, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na amri haikuondolewa mpaka mwaka wa 1860.

Lakini si haki kumtwika waziri lawama yote. Bustani zilivuka bahari: Margarethe Schurz alifungua moja Watertown, Wisconsin, mwaka wa 1856, na mwaka wa 1873 Susan Blow akaanzisha nyingine katika shule ya serikali huko St. Louis. Huko wafuasi wengi waliishika mipira wakamwacha mtoto. Zawadi zilitolewa kwa zamu isiyobadilika, vipande vikapangwa kwa amri ya mwalimu, vidole vidogo vikachoshwa na kazi nyembamba za kutoboa na kushona karatasi. Froebel mwenyewe alichangia kosa hilo, maana alikipa kila kitu maana ya siri, na mwenye kuamini siri huogopa kuigusa.

Aliyethubutu kuigusa ni Patty Smith Hill wa Louisville, Kentucky, aliyelelewa katika mafunzo hayo hayo. Aliviweka kando vipande vya mezani, akatengeneza vikubwa vya kuchezewa sakafuni. Watoto walivibeba kwa mikono miwili, wakabishana mlango uwe wapi, wakajenga nyumba ya kutosha kuingia wenyewe.