Safu ya Lugha: Wati

Wauza taa hupenda kusema, "Hii ina wati nyingi, rangi utaziona vizuri." Hapana. Wati, neno lililotokana na jina la Mskoti James Watt, hupima umeme unaotumika. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Uaminifu wa rangi una kipimo chake, Ra, ambacho kilele chake ni 100. Balbu ya zamani ya waya hukaribia hapo. Taa ya njano ya sodiamu ya barabarani, hata iwe kali vipi, hukifanya kitenge chekundu kionekane cha kahawia. Tena Ra ni wastani wa rangi 8 zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo! Anayenunua taa ya bucha au ya duka la nguo aulizie pia R9, kipimo cha wekundu huo.