Baiskeli na Theluji: Nani Kasema Baridi ni ya Wazungu?



Kila ikifika Novemba, huku ughaibuni husikika maneno yale yale. Saa zimerudishwa nyuma, jua linazama kabla hata ya saa kumi na moja, na mtu akipita barabarani na baiskeli yake huku theluji inaanguka, sisi tulio dirishani tunasema: "Mwache huyo, ndiyo kwao, kazaliwa nayo." Halafu pazia linafungwa mpaka Machi.

Mimi nasema kauli hiyo haina ushahidi katika historia, na tena ina madhara. Wapo wazee wetu waliokuwa wakienda kwa baiskeli kutwa kule nyumbani, na hapa wanakaa ndani miezi mitano bila ya kunyoosha mguu. Na watoto wanakua wakiamini kuwa nusu ya mwaka si yao. Basi leo nataka tuangalie hao tunaosema wamezaliwa na theluji waliingiaje humo na baiskeli zao. Mtaona kuwa waliingia kwa shida, wakajifunza, na starehe ikaja nyuma kabisa.

Naanzia kwenye lugha, maana humu wajuzi ni wengi. Neno letu "theluji" ni la Kiarabu, thalj. "Barafu" asili yake ni Kifarsi, barf, na huko Uajemi barf ni ile inayoanguka kutoka mbinguni, siyo ile ya kutia kwenye sharubati. Yote mawili tumeazima, na hapana ajabu, kwa sababu pwani haikuwa na haja nayo. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaona weupe kileleni, aliyekuwa akimwongoza njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Habari zilipofika London, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa na jina kubwa, Desborough Cooley, akakataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani! Alikaa kwenye kiti chake akatuamulia kuwa theluji si yetu. Sasa jamani, sisi tumeifuata theluji mpaka mlangoni kwa Cooley, na bado tunamuunga mkono?

Kwa mwendesha baiskeli, lakini, tofauti ya theluji na barafu si ya kamusi peke yake. Theluji iliyoshindiliwa na baridi kali inashika tairi vizuri. Barafu inateleza. Na theluji mpya iliyo laini inameza gurudumu kama mchanga wa pwani unavyomeza. Karibu historia yote ya jambo hili ni habari ya watu kutafuta dawa ya vitu hivyo viwili, kuteleza na kuzama.

Sasa turudi nyuma. Baiskeli tuijuayo leo, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo nyuma, ilipata umbo lake kwa ile Rover ya John Kemp Starley mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop kule Belfast akaleta tairi la kujaza upepo, na hapo ndipo watu wakaanza kuifurahia. Lakini kwa Waingereza wenyewe ilikuwa ni starehe ya msimu. Vilabu vilikuwa na safari ya kufungulia mwaka hewa inapopata joto, na safari ya kufungia majani yanapopukutika. Baina ya hapo baiskeli ilipakwa mafuta, ikawekwa. Yaani mababu wa huyo anayepita dirishani kwako walifunga pazia kama sisi tu.

Waliolazimika kutoka ni watu wenye shida zao. Mwaka 1897 jeshi la Marekani lilitaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Waliopewa kazi ya kujaribu walikuwa askari 20 weusi wa kikosi cha 25 cha miguu, chini ya luteni mzungu, James Moss. Waliondoka Fort Missoula, Montana, tarehe 14 Juni, wakafika St. Louis tarehe 24 Julai, maili 1,900 hivi. Walipovuka mgongo wa milima ya Rocky theluji iliwakuta, na ilikuwa Juni! Wakasukuma baiskeli zenye mizigo kwenye matope na ubaridi, wakapita. Kwa hiyo wale wanaosema mtu mweusi na baiskeli na theluji havipatani, jibu lao lina miaka zaidi ya mia na ishirini.

Kisha ikaja dhahabu. Ilipatikana Klondike, kaskazini ya Kanada, mwaka 1896, na baadaye ikasikika kuwa kule Nome, pwani ya Alaska, dhahabu iko hata mchangani ufukweni. Kutoka mji wa Dawson mpaka Nome ni kiasi cha maili 1,000, na katika majira ya baridi njia ilikuwa ni mto Yukon wenyewe, umeganda. Wenye uwezo walikwenda kwa mbwa na sileji. Mbwa walikuwa ghali, na mbwa anakula kila siku hata asipofanya kazi. Baiskeli haili.

Mmoja wao, Ed Jesson, alinunua baiskeli dukani Dawson kwa dola 150, akajifunza kuiendesha kwa siku chache, akaondoka Februari 1900. Alipita juu ya alama nyembamba za sileji, ambapo theluji ilikuwa imekwisha kushindiliwa. Akitoka kidogo pembeni, chini. Baridi ilizidi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ndani ya gololi za magurudumu yaliganda, matairi yakawa magumu kama bomba la chuma. Na shida yake kubwa, kama alivyosimulia mwenyewe, ilikuwa pua: ilitaka kuganda na kusuguliwa, na yeye bado hakuwa amejua kuendesha kwa mkono mmoja! Watu wa asili wa mtoni walimshangaa mtu anayetembea naye amekaa. Alifika Nome mwisho wa Machi, na magazeti aliyoyabeba yakagombaniwa kambini.

Mwenzake, Max Hirschberg, aliondoka Dawson mwanzoni mwa Machi mwaka huo huo, barafu ikaanza kuyeyuka naye yuko njiani. Nusura afe maji, na pochi yake ya vumbi la dhahabu ikazama. Karibu na mwisho mnyororo ukakatika. Akafanya ambalo baharia yeyote wa kwetu angelifanya: alilifanya koti lake tanga, upepo ukamsukuma juu ya barafu. Alifika Nome tarehe 19 Mei.

Hawa hawakuwa wakistarehe. Ukiwaambia Jesson na Hirschberg kuwa ipo siku watu watalipa kiingilio ili wateseke namna ile, wangelikucheka. Lakini waliacha ujuzi: fuata njia iliyoshindiliwa, angalia mafuta yako, na usione haya kushuka ukasukuma.

Aliyefanya baridi iwe starehe, au niseme aliyeandika kuhusu starehe hiyo watu wakamwelewa, ni W. M. Robinson, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Wayfarer, yaani msafiri. Mwishoni mwa Machi 1919 alivuka milima ya Berwyn, kaskazini ya Wales, kutoka kijiji cha Llanarmon Dyffryn Ceiriog kwenda upande wa Cynwyd, theluji ikiwa nzito hata baiskeli ikawa inabebeka zaidi kuliko kupandika. Makala yake ilitoka katika gazeti la Cycling mwezi Mei mwaka huo. Kichwa chake, Over the Top, kilikuwa ni yale maneno ya askari wa kwenye mahandaki walipoamrishwa kutoka kwenda kumkabili adui. Kila msomaji aliyafahamu, maana vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu nyuma, Novemba 1918, na karibu kila nyumba ilikuwa na maiti wake.

Hebu fikirini hapo. Nchi nzima imechoka, imefiwa, na maneno yale yana damu. Halafu mtu mmoja anayachukua, anayapeleka mlimani kwenye theluji, na anarudi akisema amefurahi. Kwa ninavyoona mimi, huo ndio mwanzo wa habari yenyewe. Robinson alifundisha kuwa kushuka ukaibeba baiskeli yako siyo kushindwa, na kwamba anayengoja jua na barabara nzuri anakosa sehemu tamu ya safari. Alifariki 1956, na mwaka 1957 wenzake wakamwekea kibao cha kumbukumbu kule juu mlimani. Kabla ya hapo, mwaka 1955, ilikwisha kuundwa jumuiya ya Rough-Stuff Fellowship, ya watu wanaopenda njia mbovu kwa makusudi.

Na sisi hatukuachwa nje ya hadithi hii. Mwishoni mwa Desemba 1984, binamu wawili wa Kiingereza, Nick na Richard Crane, walipandisha baiskeli mpaka kilele cha Kilimanjaro, wakikusanya mchango wa hisani. Ule weupe ulioitwa "baridi" mwaka 1848 ukakanyagwa na tairi.

Upande wa Alaska, mwaka 1987 yalianza mashindano ya Iditabike, ya maili 200, kwenye njia za mbwa na sileji. Hapo tatizo la zamani la kuzama likarudi: tairi la kawaida la baiskeli ya mlimani lina upana wa inchi mbili na kidogo, na theluji laini hailibebi. Mafundi wa Alaska wakahangaika. Wengine waliunga rimu mbili pamoja kwa kuzichomea. Simon Rakower wa Fairbanks akatengeneza rimu pana ya milimita 44. Na wakati huo huo, kusini kabisa, New Mexico, Ray Molina alikuwa akitengeneza rimu na matairi mapana kwa ajili ya kupita juu ya vilima vya mchanga wa jangwani. Fikra hizi mbili zikakutana, na mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ikatoa Pugsley, baiskeli ya kwanza ya aina hii kuuzwa kwa wingi madukani, tairi lake inchi 3.7, upepo mdogo ndani yake, ili lijitandaze kama unyayo wa ngamia.

Ndugu zetu wa Oman na Ghuba hili watalifahamu upesi kuliko sisi wa Ulaya. Dereva anayeingia mchangani hupunguza upepo kwenye matairi ili gari isizame. Dawa ya theluji ni hiyo hiyo. Baiskeli ya kwenye barafu ina damu ya jangwani, kumbe! Mwaka 2014 Jeff Oatley akaenda maili 1,000 za njia ya Iditarod mpaka Nome kwa siku 10 na saa chache. Njia si ile ya Jesson, lakini mwisho wake ni mmoja, na Jesson alichukua zaidi ya mwezi.

Namalizia na mji ambao unavunja kabisa hoja ya "kuzaliwa nayo". Oulu, Finland, uko karibu na nyuzi 65 za kaskazini, na theluji inakaa miezi. Watu huko wanaendesha baiskeli mwaka mzima, watoto wa shule, wazee, na wengi kwa baiskeli za kawaida kabisa. Mji una mamia ya kilomita za njia za baiskeli, na njia hizo husafishwa mapema asubuhi, theluji inashindiliwa ikawa sakafu. Februari 2013 ndiko lilikofanyika kongamano la kwanza la kimataifa la kuendesha baiskeli wakati wa baridi. Sasa mbona miji mingi ya Uingereza, ambayo baridi yake si kitu mbele ya Oulu, baiskeli hupungua mvua ikianza tu? Kama ni damu, ingelikuwa sawa kote. Si damu. Ni njia iliyosafishwa, ni mazoea, na ni kuwa na wenzako barabarani.

Basi ndugu zangu, vitu hivyo hakuna aliyezaliwa navyo. Vinapatikana. Tairi lenye njumu za chuma kwa ajili ya barafu linauzwa. Taa inauzwa. Nguo ya sufi ndani badala ya pamba, kwa sababu pamba ikinywa jasho inakugandisha, na wazoefu wote watakwambia jasho ni adui kuliko baridi yenyewe. Mzee wako asiende peke yake siku ya kwanza, mfuate. Asubuhi moja ya jua, baridi kavu, nusu saa tu kuzunguka bustani ya mtaani, akichoka ashuke asukume. Robinson kisha mruhusu tangu 1919.

Huo ndio mchango wangu. Wenye kujua zaidi, khasa mlioko Kanada na Skandinavia, leteni yenu, na mwenye kupinga na apinge kwa hoja.

Wabillahi tawfiq.