Pini, Gundi na Watu Wasiotajwa

Wadau, ile pini ya fundi inayodondoka chini na hakuna anayejisumbua kuinama, unajua zamani ilipita mikono ya watu wangapi?

Mwaka 1776 Adam Smith alitoa kitabu chake maarufu cha uchumi, na mwanzoni kabisa akaelezea kiwanda cha pini. Huyu ananyoosha waya, yule anakata, mwingine anachonga ncha, mwingine anaweka kichwa. Hatua kama 18 kwa kipini kimoja! Watu 10 tu walitoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku. Pini zikahesabiwa, ila wao hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.

Huko New York nako, daktari John Howe aliwaona maskini waliokuwa wakitunzwa kwenye nyumba ya umma wakitengeneza pini kwa mikono. Akabuni mashine, akapata hataza mwaka 1832. Howe tunamjua. Wale maskini je? Kimya.

Leo hata pini yenyewe inawekwa pembeni. Marekani, washonaji wa mashuka ya viraka wanatumia gundi ya shule, ile inayotoka kwa maji. Matone madogo kwenye mshono, pasi ya moto juu, kitambaa kinashikana, unashona. Sindano ya cherehani haigongi pini ikakatika, na ukifua gundi inaondoka. Ujanja wa mafundi hao, na wao pia hawatajwi.

Basi ukiposti gauni lako wikiendi hii, mtaje fundi wako. Wako anaitwa nani?