Kiboko, Tuzo na Sheria: Usimamizi wa Nidhamu Darasani Nchini Kenya, 1972–2021

Makala haya yanafuatilia jinsi serikali ya Kenya ilivyotumia sheria kusimamia mwenendo wa wanafunzi tangu mwaka 1972. Hoja yake kuu ni kwamba sheria hizo zilishughulikia adhabu peke yake, kwanza kwa kuiwekea mipaka, kisha kwa kuipiga marufuku. Suala la tuzo liliachwa pembeni, na mwalimu aliyepokonywa kiboko hakukabidhiwa nyenzo ya kushika nafasi yake.

Kanuni za Nidhamu Shuleni za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko kwa masharti makali. Makosa yaliyostahili adhabu hiyo yalitajwa, yakiwemo uongo, uonevu, utoro na ukaidi uliokithiri. Aliyeruhusiwa kuitoa ni mwalimu mkuu, baada ya kulichunguza kosa, mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine. Viboko havikupaswa kuzidi sita, na kila adhabu ilipaswa kuandikwa. Kwa mujibu wa kanuni, basi, kiboko kilikuwa hatua ya nadra, ya faragha na yenye kumbukumbu.

Darasani hali ilikuwa kinyume. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba walimu wa kawaida walichapa papo hapo, mbele ya darasa zima, kwa makosa kama kuchelewa, kupiga soga, kuvaa sare chafu au kushindwa kujibu swali. Kulieleza jambo hili kwa ukatili wa mwalimu mmoja mmoja hakutoshi. Uchunguzi, shahidi na kumbukumbu vilihitaji muda ambao mwalimu mwenye darasa lililofurika hakuwa nao. Kanuni zilitaka kiboko kitumike polepole, ilhali walimu walikitegemea kwa sababu ya wepesi wake. Mipaka ya namna hiyo ilikuwa vigumu kudumu.

Tangazo la Kisheria Na. 56 la mwaka 2001 lilifuta ruhusa hiyo. Mwaka huohuo, moto uliowashwa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli uliua wanafunzi 67, na swali la nini kichukue nafasi ya kiboko likawa la dharura. Tuzo zilikuwepo shuleni, lakini kwa kawaida zilifuata mtihani: siku ya zawadi ilimwita jukwaani aliyeshika nafasi ya kwanza, si aliyeacha utoro. Hata ukiranja, ambao ni heshima anayopewa mwanafunzi mwadilifu, ulimfanya kuwa mkono wa mwalimu katika kuadhibu wenzake. Kuanzishwa kwa mabaraza ya wanafunzi wa sekondari mwaka 2009, yenye viongozi wanaochaguliwa na wanafunzi wenyewe, kulifungua njia nyingine, kwani mwenendo mwema sasa ungeweza kuleta dhamana na sauti.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliimarisha marufuku kwa kuweka faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hata hivyo, mwaka 2021 mabweni yalipochomwa tena, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitetea hadharani kurejeshwa kwa kiboko. Kauli hiyo ilidhihirisha kwamba pengo la mwaka 2001 lilikuwa bado halijazibwa.

Historia hii ina mafunzo mawili kwa watunga sera wa ukanda huu. Kwanza, Tanzania Bara, ambako kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, inapita njia ambayo Kenya iliijaribu kwa karibu miaka 30 bila mafanikio. Pili, marufuku isiyoambatana na mbadala humwacha mwalimu mikono mitupu. Kanuni za nidhamu zinapaswa kutaja, kwa uwazi uleule uliotumika kuhesabu viboko, tuzo anazoweza kutoa mwalimu, hatua zisizoumiza anazoweza kuchukua, na muda wa kuzitekeleza.