Hekalu la Ashapura Mata la Kutch: Historia Fupi kwa Msomaji wa Songea

Hekalu la Ashapura Mata, lililoko katika kijiji cha Mata no Madh, wilaya ya Kutch, magharibi mwa India, ni kitovu cha ibada ya mungu wa kike ambaye jina lake lina maana ya mtimiza matumaini. Ingawa bahari imelitenga na Songea, sehemu hizo mbili ziliunganishwa na biashara ya kale, kwani misafara ya Ungoni, yaani eneo la Songea, iliteremka hadi Kilwa, ushuru wa pwani yote ukawa mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji, tajiri wa Kutch, kuanzia miaka ya 1830, na majahazi ya bandari ya Mandvi huko Kutch yakaja na kaskazi na kurudi na kusi yamesheheni pembe za ndovu.

Katika simulizi zote za mwanzo wa hekalu hilo, inayopendwa zaidi ni ya Devchand, mfanyabiashara wa Marwar aliyepiga kambi mahali hapo wakati wa Navaratri, yaani sikukuu ya usiku tisa ya kumtukuza mungu huyo. Aliamriwa ndotoni ajenge hekalu, aufunge mlango na asiufungue kwa miezi sita. Akajenga, akahamia hapo kulilinda, lakini ulipobaki mwezi mmoja alisikia nyimbo na njuga zikilia ndani, subira ikamwishia, akafungua, akamkuta mungu amechomoza mwambani ilhali miguu yake haijakamilika. Alisamehewa, tena akajaliwa mtoto wa kiume aliyemwomba, ila sanamu ikabaki vile vile, na waumini husema kuwa haikuchongwa na mkono wa mtu. Jengo lenyewe huhesabiwa kuwa la karne ya 14, kazi ya Ajo na Anagor, mawaziri wawili wa jamii ya Karad Vania. Majina yao hayavumi kama la Devchand, na si ajabu, kwa kuwa waziri mwenye hazina nyuma yake hawezi kushindana midomoni mwa watu na mchuuzi aliyeshindwa kungoja mwezi mmoja.

Watawala wa Kutch wa ukoo wa Jadeja walimfanya Ashapura mlinzi wa nasaba yao, na heshima yake ikaenea katika jamii nyingine nyingi. Husimuliwa kwamba Ghulam Shah Kalhoro, mtawala wa Sindh aliyeivamia Kutch mwaka 1762, aliona askari wake wakipofuka walipolinajisi hekalu, akaomba radhi na kutoa kengele kubwa ambayo wageni huonyeshwa kwa fahari.

Anayezuru huvua viatu, hutoa nazi na shela, kisha husimama mbele ya sanamu kwa ajili ya darshan, ibada ya kumtazama mungu na kutazamwa naye, ambayo ndiyo kiini cha safari yote, hata kwa wanaotembea kwa miguu siku nyingi na kulishwa njiani katika vibanda vya watu wa kujitolea. Siku ya nane ya Navaratri hufanyika patri, ambapo mtu wa ukoo wa kifalme hutandaza kitambaa mbele ya sanamu na kungoja jani lidondoke humo, liwe ishara ya baraka. Mlinzi wa hekalu, mtawa asiyeoa wa shirika la Kapadi, huitwa Raja.

Yaliyofuata yanaweza kutajwa kwa ufupi: tetemeko la mwaka 1819 liliharibu jengo, nao watu wawili, Sundarji Shivji na Vallabhaji, wakalikarabati ndani ya miaka mitano, tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lililiharibu tena, likajengwa upya, na katika miaka ya karibuni suala la nani katika ukoo ashike kitambaa cha patri lilipelekwa mahakamani, huku mahujaji wakiendelea kumiminika kila Navaratri.