Nyumba ya Vyumba Sita

Ndugu msomaji, ukipita leo Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam, utaona maghorofa yamesongamana hata upepo wa bahari hauna njia. Lakini hapa na pale, baina ya ghorofa na ghorofa, huenda ukaona nyumba moja ya chini, bati lake limeshika kutu, na mbele yake pana baraza. Usiipite upesi. Nyumba kama ile ndiyo iliyowalaza watu wa jiji hili, nayo ina mafunzo kwetu.

Sultani Majid bin Said wa Unguja ndiye aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mjerumani akaufanya makao makuu yake mwaka 1891, na Mwingereza akauteka mwaka 1916. Sheria za ujenzi za Mwingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila sehemu. Hata hivyo kila mtu alielewa maana yake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati uwe mpaka. Ng'ambo ya uwanja huo ndiko Kariakoo, mahali walipokuwa wamepiga kambi wapagazi wa Carrier Corps katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina la mtaa limetokana nao.

Huko mwananchi alipewa kiwanja, akaachiwa kujenga mwenyewe. Naye alijenga aliyoijua: boriti na fito, udongo, na makuti juu, akipata fedha hupaka chokaa, kisha huezeka bati. Katikati ni ukumbi, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma ni uani, penye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mbele ni baraza, ambapo mgeni hupokewa bila ya kuingia ndani kwenye stara ya watu.

Sasa tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki. Kodi ya vyumba ikamaliza ukuta, ikanunua bati, ikasomesha watoto. Mara nyingi mwenye nyumba alikuwa mwanamke, mjane au mtalaka, na vyumba vile ndivyo vilivyomwepusha kuomba. Mpangaji alitoka bara hajui mtu. Akapata chumba, na pamoja nacho akapata mama mwenye nyumba wa kumwuguza akishikwa na homa. Waliteka maji pamoja, walipika uani pamoja, na msiba wa mmoja ulikuwa wa nyumba nzima. Si kwamba hapakuwa na ugomvi. Ulikuwapo, lakini mwenye nyumba naye alikuwa ndani, bati likivuja linamvujia na yeye.

Baada ya Uhuru Serikali iliingia kwa nia njema. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na nyumba za makuti za Magomeni na mitaa mingine zikabomolewa, zikajengwa za matofali. Lakini kubomoa moja na kujenga moja hakuongezi nyumba, na kabla ya miaka ya 1970 kwenda mbali mpango huo ulikwisha achwa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Kisha vikapimwa viwanja Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikaingizwa barabara na maji badala ya kuvunjwa. Yote hayo yalisaidia, ila watu walikuwa wengi kuliko mipango. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wamelazwa na mwananchi mdogo, aliyejenga chumba baada ya chumba.

Na leo je? Mzee akifariki, arubaini haijaisha warithi wamekwisha mwita dalali. Nyumba inauzwa, inavunjwa, na ghorofa linapanda haraka kuliko uangalifu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja hapo hapo Kariakoo liliporomoka likaua watu. Na kwingi mwenye nyumba wa leo haishi na mpangaji, wala hamjui kwa jina. Anamtaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kijana ambaye mshahara wake ni wa mwezi kwa mwezi. Je, huyo akakope wapi?

Kuuza mali yako si dhambi, wala ghorofa si ubaya. Mji uliojaa hauna budi kupanda juu. Lakini haki ya jirani tuliyofundishwa chuoni haikufungwa kwenye ukuta wa udongo. Basi wewe uliyerithi, usiuze kabla ya kuuliza mama yako atalala wapi. Wewe unayejenga, usiibe saruji kwenye nguzo, kwani juu yake watalala watoto wa watu. Wewe unayepangisha, pokea kodi kwa kadiri ya pato la mtu. Na wewe mpangaji, itunze nyumba kama yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye kheri, na majirani wenye kuhurumiana. Amin.