Kumwachia Mungu Nafasi: Historia ya Walezi wa Kiroho katika Kanisa Katoliki

Ulezi wa kiroho, ambao siku hizi huitwa pia usindikizaji wa kiroho, ni huduma ambayo kwayo Mkristo mwenye uzoefu wa sala humsikiliza mwenzake kwa faragha na kwa muda mrefu, ili amsaidie kutambua namna Mungu anavyotenda kazi maishani mwake na kumjibu kwa hiari. Huduma hii mara nyingi huchanganywa na sakramenti ya Kitubio, lakini mambo hayo mawili yana tofauti: katika Kitubio mwamini huungama dhambi zake mbele ya padri na kupewa maondoleo, ilhali kwa mlezi wa kiroho huyaleta maisha yake yote ya sala, yaani furaha, uchovu, mashaka, vishawishi na maamuzi mazito kama vile kuoa au kuingia utawani, na mlezi huyo si lazima awe padri. Historia ya huduma hii, ambayo sasa imedumu kwa takriban karne kumi na saba, inaonyesha kwamba ilistawi pale mlezi alipojua mipaka ya kazi yake, na kwamba iliwaumiza watu kila alipojipa mamlaka ambayo ni ya Mungu peke yake.

Wazee wa jangwani

Mizizi ya ulezi huu iko katika jangwa la Misri la karne ya 4, ambako wanaume na wanawake walihamia ili wasali na kufunga, wakifuata mfano wa Antoni Mkuu aliyefariki mwaka 356. Waliobobea miongoni mwao waliitwa abba, yaani baba, au amma, yaani mama, na cheo hicho hakikutokana na upadri, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na daraja lolote. Kijana aliyejiunga nao alimfunulia mzee wake mawazo yote yaliyomjia, hata yale yasiyokuwa dhambi, kwa imani kwamba wazo linalofichwa huota mizizi na linalotajwa hupungukiwa nguvu. Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo mabaya katika makundi manane, na mpangilio huo ndio uliozaa baadaye orodha ya mizizi saba ya dhambi inayofundishwa hadi leo.

Mafundisho hayo yalivuka bahari kwa mkono wa Yohane Kasiano, ambaye baada ya kuishi na wamonaki wa Misri alianzisha monasteri huko Marseille mnamo mwaka 415 na kuandika kitabu cha mazungumzo yake na wazee wa jangwani. Humo anasimulia habari za mzee aliyemkaripia vikali mmonaki kijana aliyekiri kusumbuliwa na tamaa ya mwili, hata kijana akakata tamaa na kutaka kurudi duniani, mpaka Abba Apolo alipomtuliza na kumwonya mzee yule. Kasiano alitaka msomaji aelewe kwamba mvi hazitoshi kumfanya mtu awe mlezi, na kwamba fadhila inayotangulia zote katika kazi hii ni upambanuzi, yaani uwezo wa kutofautisha linalotoka kwa Mungu na lisilotoka kwake.

Katika karne zilizofuata hekima hiyo ilienea Ulaya kwa njia kadhaa. Benedikto aliiingiza katika Kanuni ya monasteri zake katika karne ya 6, na mwishoni mwa karne hiyo Papa Gregori Mkuu aliandika kitabu cha uchungaji kinachoeleza kwa kirefu kwamba shauri linalomfaa mwenye furaha halimfai mwenye huzuni, wala lile la tajiri halimfai maskini. Katika karne ya 14 Katarina wa Siena, binti wa mtia rangi vitambaa na mlei wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, alizungukwa na wanafunzi waliomwita mama, wakiwemo mapadri, na akaacha barua karibu 380 alizowaandikia mapapa, watawala, watawa na watu wa kawaida kabla ya kufariki mwaka 1380.

Hispania ya karne ya 16

Hakuna kipindi kilichoiathiri huduma hii kuliko karne ya 16 nchini Hispania. Inyasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa mguu huko Pamplona mwaka 1521, aligundua akiwa kitandani kwamba ndoto za sifa na vita zilimfurahisha kwa muda na kisha kumwacha mkavu, ilhali mawazo ya kuwaiga watakatifu yalimwachia amani ya kudumu. Kutokana na uzoefu huo, na ule wa miezi ya sala na majaribu makali huko Manresa, alitunga Mazoezi ya Kiroho, ambayo ni utaratibu wa tafakari za takriban siku thelathini, pamoja na kanuni za kupambanua faraja na ukiwa: faraja ni hali ya moyo kuvutwa kwa Mungu kwa imani, matumaini na mapendo, na ukiwa ni hali ya giza na uvivu wa roho ambamo mtu anaonywa asibadilishe uamuzi mwema aliokwisha kuufanya.

Inyasi alianza kuwaongoza wengine akiwa bado mlei, na kwa sababu hiyo alishukiwa, akafungwa huko Alcalá mwaka 1527 na kisha Salamanca, na kuamriwa asome kwanza, jambo lililomfikisha Chuo Kikuu cha Paris. Hata hivyo kitabu chake, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kinampa mlezi nafasi ndogo kwa makusudi. Mlezi hutoa maelezo mafupi ya tafakari na kumwachia anayesali aonje mwenyewe. Hapaswi kumvuta aelekee utawa wala hali nyingine yoyote ya maisha, bali anatakiwa kusimama katikati kama mizani isiyoegemea upande, ili Muumba ashughulike moja kwa moja na kiumbe chake.

Ubora na hatari ya walezi vilionekana kwa pamoja katika maisha ya Tereza wa Avila, mtawa Mkarmeli aliyezaliwa mwaka 1515. Alipoanza kupata neema za sala za ndani, baadhi ya washauri wake walimwambia kwamba anadanganywa na shetani, na mmoja akamwamuru ayafanyie dharau maono ya Kristo aliyoyapata, amri iliyomtesa sana. Waliomtuliza ni Wajesuiti, akiwemo Fransisko Borgia, pamoja na Mfransisko Petro wa Alcántara na Wadominiko waliobobea katika teolojia. Kutokana na mateso hayo alishikilia kwamba mlezi anapaswa kuwa na elimu, kwa kuwa nusu-elimu ilimdhuru, na katika kitabu chake kiitwacho Njia ya Ukamilifu akadai kwamba masista wake wawe huru kutafuta ushauri nje ya muungamishi wao wa kawaida. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho mwaka 1563, nao uliagiza kwamba watawa wa kike waletewe muungamishi mwingine mara mbili au tatu kwa mwaka.

Yohane wa Msalaba, mshirika wa Tereza katika kulitengeneza upya shirika la Karmeli, alilisema jambo hili kwa ukali zaidi katika kitabu chake Mwali Hai wa Mapendo. Kwake mlezi asiyejua njia ni mmoja wa vipofu watatu wanaoweza kuipoteza roho, pamoja na shetani na roho yenyewe, na makosa yake ni kumlazimisha mtu aendelee na tafakari za maneno mengi wakati Mungu amekwisha kumwingiza katika kimya. Kiongozi halisi, anaeleza, ni Roho Mtakatifu, na mlezi ni chombo tu cha kuisaidia roho kumfuata.

Kufunguliwa kwa vifungo

Mfano ulio wazi wa uhuru alioudai Tereza ni ule wa Jeanne de Chantal, mjane Mfaransa mwenye watoto wanne, ambaye mlezi wake wa kwanza alimfunga kwa nadhiri nne: amtii yeye, asimwache kamwe, atunze siri ya maneno yake, wala asizungumze na mwingine yeyote juu ya roho yake. Mwaka 1604 alikutana na Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyeishi Annecy, ambaye baada ya kusali na kufikiri kwa miezi kadhaa alimwambia kwamba nadhiri hizo ziliharibu amani ya dhamiri, na akamfungua. Urafiki wao ulizaa shirika la Masista wa Maonano mwaka 1610, na barua za Fransisko kwa mwanamke mwingine mlei zikawa msingi wa kitabu chake Utangulizi wa Maisha ya Ibada, kilichofundisha kwamba askari, fundi na mke wa nyumbani wana njia yao ya utakatifu, kila mmoja kwa kadiri ya wajibu wake.

Afrika Mashariki ilipata urithi huu kupitia wamisionari, hasa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, waliofika Buganda mwaka 1879 wakiwa wamelelewa katika Mazoezi ya Inyasi. Walipolazimika kuondoka mwishoni mwa mwaka 1882 na kukimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria, waongofu walibaki karibu miaka mitatu bila padri, na imani yao ilitunzwa na walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya jumba la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na Matia Mulumba na Noe Mawaggali huko Mityana. Balikuddembe alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga alichukua nafasi yake, akawaimarisha vijana wa jumba hilo katika sala na kuwabatiza baadhi yao usiku, siku chache kabla ya wengi wao kuuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Sheria ya Kanisa ilithibitisha polepole yale ambayo Tereza na Fransisko waliyatetea. Mwaka 1890, wakati wa Papa Leo XIII, hati iitwayo Quemadmodum iliwakataza wakuu wa mashirika kuwalazimisha watawa kuwafunulia dhamiri zao, na katazo hilo limo katika kanuni ya 630 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Sheria hizo zinataka pia kila mseminari awe na mlezi wa kiroho aliyemchagua kwa hiari, na zinakataza kabisa maoni ya mlezi huyo au ya muungamishi yasitafutwe inapoamuliwa kama kijana apewe daraja au aachishwe seminari, na kwa hiyo katika seminari kuu kama Kipalapala na Segerea, kama kwingineko kote, anayesikiliza siri za moyo hawi miongoni mwa wanaoamua hatima.

Pale mipaka hii ilipopuuzwa, matokeo yamekuwa machungu. Mwaka 2020 L'Arche, jumuiya inayoishi pamoja na watu wenye ulemavu wa akili, yenyewe ilitangaza kwamba mwanzilishi wake, Mkanada Jean Vanier, aliyefariki mwaka uliotangulia, aliwadhulumu kingono wanawake wasiopungua sita waliomwendea kwa ajili ya usindikizaji wa kiroho, kama alivyokuwa amefanya padri Thomas Philippe aliyekuwa mlezi wake mwenyewe. Siri, utii usio na ukomo na katazo la kuzungumza na mwingine, vifungo vile vile alivyofunguliwa Jeanne de Chantal, ndivyo vilivyowaficha watu hao kwa miaka mingi.

Mambo haya yanawahusu moja kwa moja waamini wa Afrika Mashariki, ambako padri mmoja huhudumia vigango vingi na hapati muda wa kumsikiliza kila mtu kwa kina. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2690, inasema kwamba Roho Mtakatifu huwajalia baadhi ya waamini karama ya kuwaongoza wengine katika sala, wala haiwawekei mapadri peke yao karama hiyo, na vituo kama kile cha Wajesuiti cha Mwangaza jijini Nairobi vinaitumikia kazi hiyo. Kanisa ambalo imani yake ilitunzwa na Balikuddembe na Mulumba lina kila sababu ya kuwafunda makatekista, masista na walei wenye hekima ili wawe walezi, likiwapa elimu aliyoidai Tereza na mtu wa kuwasimamia, na kuwafundisha waamini wote kwamba wana haki ya kumchagua mlezi wao, kumbadilisha, na kuzungumza na mwingine bila hofu.